Mume Wangu Hajagongewa Meza

Jumatatu, 12 Januari
Wiki ya saba ya ndoa! Torben wangu anafundisha hisabati tumizi kwa wahandisi wa shahada ya uzamili. Mume wa nani? Wangu! Lakini leo hakumaliza kahawa. Wanafunzi wake walianza arobaini, wamebaki tisa. Alhamisi profesa mkuu wake atakaa darasani kumpima. Asiporidhika, mkataba hauongezwi. Dokta Gesine wa chumba cha pili akimaliza somo, wanafunzi wanagonga meza, ndiyo asante yao, kisha wanatoka. Vioo vinatetemeka! Torben hajagongewa hata mara moja. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 13 Januari
Nimeoka keki ya tufaha, nikabandika tangazo: keki darasani kwa Torben, saa nne kamili. Walikuja thelathini! Nilisahau kwamba chuoni somo la saa nne huanza saa nne na robo; walikula, wakaondoka. Torben alipoingia walikuwa wamebaki wale tisa na makombo. Gesine alimeza kipande cha mwisho, akaniambia, "Bibi arusi, kwa mume kama huyo, afadhali unajua kuoka." Nilicheka. Nimeelewa sasa hivi.

Alhamisi, 15 Januari
Kugonga kunahitaji mwanzilishi. Nilijibanza nyuma, skafu hadi puani. Torben alieleza joto linavyosafiri ndani ya chuma, kutoka palipo moto kwenda palipo baridi. Ananisema mimi! Akaandika mlinganyo, akanyamaza, chaki juu. Kamaliza, tena kwa madaha! Nikagonga kwa ngumi zote mbili. Wote wakagonga, wakafunga mabegi, wakatoka. Profesa naye. Kumbe alikuwa anafikiri tu. Dakika ya ishirini na mbili, kati ya tisini.
Hakunigombeza. Aliuliza taratibu, "Wiebke, ni wewe?" Nikasema ni mimi, mpenzi. Akafuta ubao mzima, hata pembe zilizokuwa safi.

Jumanne, 20 Januari
Barua imekuja. Mkataba unaisha Machi. Leo darasani alikuja mwanafunzi mmoja tu, Eike. Torben alimfundisha dakika tisini kamili, akaumaliza ule mlinganyo. Eike akagonga meza mara tatu, peke yake. Torben alinionyesha kwenye meza ya jikoni, polepole, tatu, akitazama dirishani. Nililia.
Ijumaa ana usaili mji mwingine, atafundisha mbele ya jopo. Ameniomba jambo moja tu: nibaki nyumbani. Nimeapa. Maskini mpenzi wangu, hajui kosa lilikuwa wapi. Ngumi hazisikiki! Nimekata tiketi ya treni yake, behewa la nyuma. Kifimbo cha kusukumia unga kimeshaingia mkobani.