Ndoo za Wote

Jumatatu, 3 Juni
Nimemaliza kitabu cha maktaba kuhusu ujamaa. Anayeweza atoe, anayehitaji apate. Nilikuwa nautafakari mstari huo mpaka kengele ya chakula ikanipita. Nimeshinda na njaa. Haidhuru.

Ni mstari ulioandikwa kwa ajili ya bweni letu. Bomba la uani hutoa maji alfajiri tu, na kila msichana ana ndoo yake, ameiandika jina kwa rangi ya kucha. Kijiti peke yake hana. Yake ilipasuka, na mama yake hajapata nafasi ya kuleta nyingine. Inambidi asubiri mtu aoge ndipo aazime, kwa hiyo anachelewa mstarini. Leo matroni amemwambia akichelewa tena wiki hii atahamia bweni la chini, karibu na mlango wake, ili amwone vizuri.

Kijiti ni rafiki yangu. Nikisema ukweli, marafiki zangu wanaanzia kwake na kuishia kwake. Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 4 Juni
Mapinduzi. Nilikuwa na hotuba, ila waliponitazama wote nikaikunja. Nikampa karatasi Kasuku, ambaye haogopi kusema hata akiwa usingizini. Akaisoma kama anatangaza mpira. Kuanzia leo hakuna ndoo ya mtu. Zote zikae mlangoni, tuzijaze pamoja, kila mmoja achote anachohitaji.

Shangazi akauliza, na miswaki je? (Shangazi ni kiranja wetu. Jina alilipata kwa kutugombeza hata tukipiga chafya.) Wakacheka. Nikamjibu, kwa sauti iliyofika labda kwenye kola yangu, kwamba miswaki ni awamu ya pili.

Wamekubali! Majina yamefutwa. Kijiti alinibana mkono.

Kopo langu la bluu nimelibakiza chini ya kitanda. Si mali binafsi. Ni akiba ya taifa.

Jumatano, 5 Juni
Tulikwenda bombani wote, tukiimba. Kijiti aliwahi mstarini, uso unang'aa. Nilikaribia kulia. Wanaosema ujamaa hauwezekani hawajaishi bweni letu.

Dosari ndogo: Kasuku alihitaji ndoo mbili, kwa ajili ya nywele. Nilipomkazia macho akasema mimi ndiye niliyeandika "anachohitaji", na yeye anahitaji.

Alhamisi, 6 Juni
Suala la uwezo. Shangazi amegundua kwamba uwezo wake ni kusimamia. Kasuku amegundua maumivu ya mgongo. Wale pacha wa kitanda cha juu wana nguvu, lakini nguvu zao huamka baada ya jua. Mimi uwezo wangu ni kupanga, na mtu hawezi kupanga akiwa ameshika ndoo. Nimechora ratiba ya rangi nne.

Hata hivyo ndoo zote zilikuwa zimejaa mlangoni. Mfumo unajiendesha. Sijui vipi, lakini nadhani hiyo ndiyo dalili ya mfumo mzuri.

Ijumaa, 7 Juni
Sasa nimejua ni vipi. Niliamka mapema nikamkuta Kijiti kwenye ngazi, ndoo huku na huku, sketi imelowa. Anajaza zote, peke yake, tangu jana. Nikamuuliza kwa nini hakutuamsha. Akasema atawaamshaje watu wakati ndoo ni zao. Nikamkumbusha kwamba sasa ni zetu. Akasema sawa mwenzangu, lakini kila mmoja anajua ipi ilikuwa ya nani, na yeye hakuleta hata kifuniko. Asipobeba, atakuwa nani humo ndani?

Hilo halimo kitabuni.

Nikakaa kwenye ngazi kumweleza tofauti kati ya kumiliki na kutumia. Kwa adabu yake akaweka ndoo chini asikilize. Kengele ikalia nikiwa katika hoja ya tatu. Mimi niliwahi mstarini: kulikuwa na maji kwenye kopo la bluu. Yeye alikuwa hajanawa hata uso, akachelewa.

Matroni hakupandisha sauti. Alisema godoro lishuke kabla ya chakula cha jioni. Shangazi akalibeba peke yake, kichwani. Kumbe uwezo anao.

Jumamosi, 8 Juni
Ndoo mlangoni, tupu zote. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Kufika mchana majina yalikuwa yamerudi. Kasuku ameandika lake hadi kwenye mpini.

Shangazi aliniambia, tena kwa upole, kwamba mbuzi wa wote hufa kwa kiu, kila mtu akiamini kwamba ameshanyweshwa. Nikasema ni mapema mno kuhukumu.

Bwenini pako kimya. Nina kitabu, sina wa kumsomea.

Jumapili, 9 Juni
Nimeshuka kumwona Kijiti. Bweni la chini lina beseni moja kubwa la bati, lenye masikio mawili. Mtu mmoja halinyanyui. Kwa hiyo huenda wawili wawili, wanamimina kwenye pipa, na mmoja akilala mwenzake anakuja kumvuta shuka. Kijiti alikuwa anamtania mwenzake kwamba anatembea kama bibi harusi. Sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti namna hiyo.

Nikauliza nani alipanga utaratibu huu. Wakatazamana. Hakuna.

Nikamwambia ninaweza kumwombea kwa matroni arudi juu. Akatazama kucha zake. Akasema nisikasirike, ila kule juu yeye alikuwa mwenye shida. Huku yeye ni sikio la kushoto, na asipoonekana anatafutwa. Kisha akaniomba nishike sikio la kulia, kwa kuwa mwenzake ameitwa jikoni.

Nikamwambia aningoje kidogo, kuna jambo nafikiria.

Jumatatu, 10 Juni
Nimefikiria kipindi kizima cha hesabu, na kosa nimeliona. Bweni la chini wana ujamaa unaofanya kazi, lakini hawana nadharia. Ni hatari. Unaweza kuvunjika wakati wowote na wasijue ni nini kimevunjika.

Nimewaandikia katiba. Ratiba yake ina rangi sita. Kesho nitampa Kijiti aisome mbele ya wenzake, maana mimi naona haya.

Ibara ya kwanza: beseni lile ni zito mno, liondolewe. Badala yake ziletwe ndoo ndogo, ili kila mmoja aweze kubeba ya kwake.