Wapimaji Wanapita Mbotela

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Kikao cha asubuhi ofisini. Nimeaibika.

Bwana Irungu, mkuu wa Kitengo cha Kukabili Uvumi, alitueleza kwa mara ya tatu: Jiji linataka kuuza hatifungani, yaani kukopa pesa kwa umma na kuahidi kuzirudisha na faida. Kabla ya hapo kampuni ya wapimaji huliwekea Jiji alama, ili mkopeshaji ajue kama ataziona pesa zake tena. Sasa kuna uvumi kwamba alama zimeshuka ngazi mbili. Hazijashuka. Kazi yetu sisi wasaidizi wa mitaa ni kusikiliza watu wanasema nini, kujaza fomu, kisha kutuliza.

Mourine wa Ziwani alileta uvumi kumi na mmoja. Umechapwa. Umepakwa rangi kulingana na nguvu: kijani ni upepo, njano ni moshi, nyekundu ni moto. Bwana Irungu alizipokea fomu zile kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Mimi nilileta sifuri. Wiki mbili nimezunguka mtaa wetu wa Mbotela nikiulizia hatifungani, na watu wanaangalia viatu vyangu. Mzee Shitanda, jirani yetu, mstaafu wa kiwanda cha blanketi, alisema uvumi pekee alio nao ni kwamba maji yatakuja Alhamisi, na huo ameutunza tangu 1998.

Ijumaa mmoja wetu, Mourine au mimi, anaajiriwa wa kudumu. Mwingine anarudisha kitambulisho.

Shida ni hii: Mama anaamini niliajiriwa wa kudumu tangu Aprili. Nilimwambia mwenyewe, siku aliyonitazama kwa namna fulani huku akikunja nguo. Amelitangaza kanisani, amelitangaza sokoni Gikomba anakouza makoti, amempigia dada yake Makueni. Siku mzigo mpya ulipofunguliwa akanichagulia koti la sufi la kijivu kabla mteja yeyote hajaliona. Nimelivaa leo. Lina mabega ya mtu mwenye pensheni.

Lazima nishinde. Nina shahada ya uchumi na takwimu. Mourine ana kalamu za rangi!

Jumanne, 15 Julai

Suluhisho ni wazi kiasi cha kuudhi. Kama Mbotela haina uvumi, ipewe. Mdogo. Wa muda. Asubuhi naupanda, jioni nautuliza, kesho najaza fomu. Hata chanjo hutengenezwa hivyo.

Nikamchagua Mzee Shitanda. Hukaa nje ya mlango wake akitengeneza redio ambayo sijawahi kuisikia ikilia. Siri anazopewa hufika Jogoo Road kabla yake. Nikamwambia: Mzee, usimwambie mtu, lakini alama za Jiji zimeshuka ngazi mbili. Akapiga mwayo. Akauliza kama jambo hilo linagusa bei ya unga.

Hapo nilipaswa kuondoka. Nikaongeza kwamba wapimaji wenyewe wanapita mitaani wamevaa kama watu wa kawaida, wanaangalia tunavyoishi na kuandika. Redio ikawekwa chini. Nikaongeza tena, kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri na ilikuja yenyewe: wakijua wametambuliwa, wanakata alama papo hapo. Kwa hivyo, Mzee, ukiulizwa, wewe hujasikia lolote.

Nilijipongeza njia nzima hadi nyumbani. Hatua kumi na mbili.

Saa kumi jioni uvumi ulinirudia kupitia kwa Mama. Umekua. Wapimaji ni sita, mmoja ni mwanamke mwenye mimba ya mto wa kulalia, na mtaa utakaoshinda utaletewa maji. Mama alinisihi nisimwambie mtu. Niliapa.

Jumatano, 16 Julai

Nilitarajia hofu. Malalamiko. Pengine ukelele mmoja. Nimeamshwa na mafagio.

Mtaa mzima unafagia! Vijana wanaoosha magari wamezibua mtaro ulioziba tangu nikiwa darasa la nne. Wametoa godoro, sufuria mbili, na kiatu ambacho Mama anasema ni changu. Mzee Shitanda amevaa tai. Mahali palepale, redio ileile, lakini tai.

Kila mgeni ni mpimaji. Msoma mita, ambaye miaka yote hutukanwa, alipewa kiti. Mhubiri alisikilizwa hadi mwisho, akachanganyikiwa, akaanza upya. Jamaa aliyekuja kukata umeme alikula chapati tatu kwetu na akaondoka bila kukumbuka kilichomleta. Kijana mmoja wa magari alimwambia, "Niaje mzae, umeona vile mtaa ni safi?" Mwenzake akampiga kofi la kisogo kwa kukaribia kutoa siri.

Nikajaza fomu, nikaituma kwa simu. Nyekundu. Moto! Bwana Irungu akajibu baada ya dakika mbili kwamba hii sasa ndiyo kazi, na kwamba kesho atakuja mwenyewe kuthibitisha, kwa siri, amevaa kiraia. Nisimsalimu. Nisimjue.

Kisha nikaenda kutuliza, kama utaratibu unavyotaka. Nilisimama kwenye mfereji wa maji wa mtaa na kusoma taarifa rasmi: alama za Jiji hazijashuka, hakuna wapimaji mitaani, wananchi wasiwe na wasiwasi. Watu wakanisikiliza kwa heshima. Wakauliza, wapimaji gani tena, dada? Sisi hatujasikia kitu. Mama Warigia, muuza mboga, akanivuta kando na kuninong'oneza kwamba naficha vizuri sana, Jiji halikukosea kuniajiri. Akanikonyeza.

Wote walinikonyeza. Nadhani ni dalili njema.

Alhamisi, 17 Julai

Maji hayakuja. Bwana Irungu alikuja.

Koti kuukuu, kofia ya sufi imevutwa hadi masikioni, na viatu vya ofisi vinavyong'aa. Nilimtazama nikiwa nyuma ya pazia. Akaenda mlango kwa mlango akiuliza kama watu wamesikia lolote kuhusu hatifungani, alama au wapimaji. Yaani hasa kile ambacho mpimaji angeuliza! Mbotela ilimtambua kabla hajafika nyumba ya pili.

Hakuna aliyesikia kitu. Mama Warigia hajawahi kukutana na neno alama. Vijana wa magari walisema hapa hakuna stori, mzae, hapa ni amani tu. Mzee Shitanda alisimama, akanyoosha tai, akasema mtaa huu hauna shida hata moja, na maji ndiyo yanawasumbua kwa wingi. Bwana Irungu akafungua mfereji. Ukakohoa. Mzee akamweleza kwamba unapumzika.

Halafu Mama. Alikuwa amefunga kibanda chake Gikomba, jambo ambalo hajafanya tangu mazishi ya Babu. Akamwita ndani, akamketisha hatua mbili kutoka pazia langu, akampakulia chapati na ndengu. Akaanza kulipigania Jiji. Jiji ni zuri, baba. Jiji linajali vijana. Huyu binti yangu Kavata limemwajiri wa kudumu tangu Aprili, mshahara mnono, na gari liko njiani.

Gari sikuwahi kulitaja!

Bwana Irungu aliacha kutafuna. Akauliza, "Wa kudumu?"

"Wa kudumu kabisa," Mama akasema. "Ongeza ndengu, baba, usione haya."

Akatoa fomu mfukoni. Akaandika kwa muda mrefu. Pazia letu lina vumbi jingi. Nilizuia chafya dakika saba.

Ijumaa, 18 Julai

Watu arobaini na watatu wameulizwa. Uvumi uliopatikana: sifuri. Bwana Irungu alinisomea hesabu hiyo mbele ya Mourine, kisha akasema kwa huzuni kwamba nimebuni uvumi.

Dhuluma! Uvumi upo, nikamwambia, najua upo kwa sababu... Nikaomba shahidi. Nikampigia simu Mzee Shitanda, akafika na tai yake, akamwona mpimaji wa jana ameketi nyuma ya meza, akaapa kwamba tangu azaliwe hajasikia lolote kuhusu chochote. Alinikonyeza akitoka.

Basi nikakiri. Nilisema niliupanda mwenyewe, Jumanne asubuhi, kwa mzee huyohuyo. Nikaeleza kwa nini hausikiki: ni uvumi unaowaamuru watu waukane. Nikachora mchoro ubaoni, na mishale. Ulikuwa ufafanuzi wangu bora tangu chuo kikuu.

Bwana Irungu alitikisa kichwa. Alisema kubuni uvumi ni kosa, lakini kubuni kwamba umebuni ni ugonjwa. Kama angeniamini, angenifukuza leo hii. Kwa kuwa haniamini, anaacha tu mkataba uishe.

Mourine ameajiriwa. Alinipa pole, na alimaanisha, jambo ambalo sitamsamehe. Nikavua kitambulisho shingoni, nikakiweka mezani. Nilimwambia Bwana Irungu kwamba anapoteza akili isiyo ya kawaida. Akasema hilo wamelijadili.

Kisha likaja baya zaidi. Uvumi pekee aliousikia Mbotela kwa masikio yake mwenyewe, akasema, ni kwamba Jiji limemwajiri kijana wa mtaa huo kazi ya kudumu. Uvumi hatari, maana kesho watakuja elfu wakidai zao. Ameujazia fomu. Nyekundu. Mourine atakuja kuutuliza Jumamosi asubuhi.

Nitulizwe mimi! Mlangoni kwetu! Mbele ya Mama!

Jumamosi, 19 Julai

Mpango: kumwondoa Mama Mbotela kabla ya saa tatu. Jumamosi hafungui kibanda hadi mchana.

Nilimwambia wapimaji wamehamia Gikomba. Akasema wapimaji wamemaliza, walikula vizuri. Nikamwambia dada yake anamtafuta kwa simu. Akampigia, wakaongea, hakuwa anamtafuta. Nikajifanya naumwa tumbo ili anipeleke zahanati. Akanipa maji ya moto yenye tangawizi na kuniambia nikae karibu na mlango, nipate hewa.

Hivyo nilikuwa na nafasi nzuri sana Mourine alipofika na kipaza sauti na kitambulisho kipya. Alisoma: Serikali ya Jiji inakanusha uvumi kwamba imemwajiri kijana yeyote wa Mbotela kazi ya kudumu. Wananchi wasiwe na wasiwasi.

Niliutazama mtaro. Ulikuwa safi mno, hakuna pa kujificha.

Aliyecheka kwanza ni Mzee Shitanda. Alisema, si Jumatano Jiji lilikana wapimaji, na Alhamisi mpimaji akala ndengu? Leo Jiji linakana kazi ya Kavata, tena kwa kipaza sauti! Basi hiyo kazi si ndogo. Watu wakaanza kupiga makofi. Vijana wa magari wakaniita mkubwa na kuniuliza kama kuna nafasi ya dereva. Mama Warigia akamfungia Mourine sukuma wiki ya bure na kumwambia kwa upole, hatujasikia kitu, dada, wewe nenda salama.

Mama hakucheka. Alikuwa mlangoni, mikono ina unga. Alinitazama shingoni, pale kitambulisho kilipokuwa kikining'inia tangu Aprili. Alitazama kwa muda. Kisha akapaza sauti hadi nyumba za mwisho: "Si mmesikia wenyewe? Jiji limetoka mjini na kipaza sauti kwa sababu ya mtoto wangu." Akarudi kwenye chapati zake.

Nimeokoka! Sielewi vipi, lakini nimeokoka.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani nimepongezwa na watu tisa. Mmoja aliniombea nisiwe na majivuno. Ombi lisilo na msingi.

Baada ya chakula Mama akasema watu wa kudumu hupewa likizo, na kwamba wakati umefika nichukue yangu. Anahitaji mtu kibandani kuanzia kesho. Nikamuuliza likizo yenyewe ni ya muda gani. Akasema kwa watu wa kudumu huwa ni ndefu.

Alilichukua koti la kijivu, akalipangusa mabega, akalitundika nyuma ya mlango. Gikomba kuna vumbi, akasema, litakungoja. Akanipa aproni yake ya zamani, ile yenye mifuko miwili. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Sijui alipata saa ngapi. Akanishika shavu kidogo, akaenda kuanika vyombo.

Kwa hivyo hajui chochote. Maskini Mama! Anaamini kweli ni likizo. Karibu nimwonee huruma, jinsi ilivyo rahisi kumficha mambo.

Mchana huu nimetafakari kwa makini na kuona kasoro ilipokuwa. Niliwaambia wakane. Ni kosa la kiufundi tu, mpango wenyewe ulikuwa imara. Gikomba sitalirudia. Pale inatosha mtu mmoja, yule muuza viatu wa kibanda cha pili, aambiwe kwa siri kwamba makoti ya sufi hayataingizwa tena nchini. Mama atamaliza mzigo kabla ya adhuhuri. Uvumi mdogo. Wa muda. Asubuhi naupanda, jioni nautuliza.

Sentensi ninayo tayari. Nzuri sana! Imekuja yenyewe.