Meja Atanyamaza Kufikia Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Mama mwenye nyumba kaja, uso kaukunja: Meja asiponyamaza kufikia Jumamosi, ahame. Meja ahame! Mbwa niliyemlea tangu akilala ndani ya kiatu changu! Nimeapa atakuwa mtulivu kuliko mbwa wa Mwalimu Mstaafu, jirani yangu, asiyechoka kunikumbusha kuwa wake hajawahi kubweka.
Daktari wa mifugo kasema Meja anabweka kwa kukosa kazi. Nimpe mpira wenye tundu, umejazwa chakula. Akihangaika kukitoa, atatulia. Nianze na rahisi. Rahisi? Mimi, fundi cherehani wa miaka ishirini!

Jumanne, 4 Machi
Sikununua mpira. Nimetengeneza changu: chupa ya plastiki, siagi ya karanga ndani, kifuniko nimekikaza kwa koleo. Meja kanusa, kasukuma, kakaa chini, kabweka saa mbili mfululizo. Mke wangu kauliza kama sikuambiwa nianze na rahisi. Nimemjibu hiyo ni kwa mbwa wa kawaida.
Mwalimu kachungulia dirishani, kauliza kwa upole kama mbwa ana homa. Upole wake utaniua.

Jumatano, 5 Machi
Nimeondoa kifuniko. Meja kamaliza kufumba na kufumbua. Kwa kukosa kazi tena, katafuna mguu mmoja wa suruali ya karani wa posta, aliyekuja kuichukua saa sita. Nimemwambia siku hizi kaptura ndiyo mtindo. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kanunua mpira bila kuniambia. Kaujaza wali na karoti zilizopondwa, kampa Meja. Kimya! Kalamba, kalamba, kasinzia ulimi nje. Kelele pekee ilikuwa ya cherehani.
Nimemtangazia Mwalimu kwamba mbinu yangu imefaulu. Mke wangu kakohoa.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya ukaguzi. Nilitaka ushindi wa kishindo, nikamwalika Mwalimu na mbwa wake, nikaweka mpira mmoja katikati ya ua ili wagawane kistaarabu. Lo! Yule asiyewahi kubweka kabweka mpaka madirisha yakatetemeka. Meja kajibu. Mimi nimepanda juu ya kiti, nawafokea wanyamaze.
Mke wangu kampeleka kila mbwa kona yake, kila mmoja na mpira wake. Kumbe alinunua miwili! Ua mzima ukatulia.
Mama mwenye nyumba kasema mbwa abaki; mwenye kelele hapa ni fundi. Nikashuka kitini, nikamkumbatia Meja shingoni.

Jumapili, 9 Machi
Jogoo wa mama mwenye nyumba kawika mara kumi na tisa asubuhi hii. Ni wazi: hana kazi. Nimeshatoboa kopo, nimelijaza mahindi, nangoja atoke bandani.
Mke wangu kashauri nimuulize kwanza daktari wa mifugo. Yule anajua nini kuhusu kuku?