Chai ya Norzom Yapanda Bonde la Tsum

Sogeeni, enyi mlio karibu na jiko, na ninyi mliokalishwa mlangoni penye upepo. Wekeni chini sufu mnayosokota, nyamazisheni watoto na mbwa, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana ninalolileta mbele yenu si jambo la kukoholeana. Wamesifiwa wafalme waliovuka milima hii na majeshi yao, wala siwanyang'anyi sifa zao. Ila hakuna hata mmoja wao aliyevuka na kitu kilichotakiwa kifike kikiwa moto. Namsifu Norzom binti Tsewang, mjane wa kijiji cha Gyalung, Mama wa Magoti Yaliayo, Mshika Kizibo Asiyetetereka, aliyeondoka alfajiri na chupa moja ya chai, akaenda kuishinda dunia.

Chanzo cha vita kilikuwa maneno machache. Ndivyo vianzavyo vita vyote vya bonde letu, maana wazee waliapa kwamba humu haitamwagika damu, hata ya kiroboto, na mtu akizuiwa panga hunoa ulimi. Katika sikukuu ya masika, kadamnasi ya vijiji vitatu, dada yake mkubwa Norzom, Ani Samten, mtawa wa ile nyumba ya watawa iliyo juu kabisa, pale ardhi inapokoma na barafu kuanza, alipokea bakuli la chai ya siagi kutoka mikononi mwa mdogo wake. Akaonja. Akaliweka chini.

"Imepoa," akasema. "Vyako vyote, Norzom, hufika vimepoa. Hata mama ulimfikia ameshapoa."

Hakuna aliyecheka. Hata mbwa waligeuka upande. Kila mtu alijua kwamba majira ya baridi ya miaka sita iliyopita, mama yao alipokata roho huko juu, theluji ilikuwa imefunga njia, na Norzom alitumia siku nne kupanda mwendo wa nusu siku, akafika moshi wa kuchomea maiti umeshatawanyika. Tangu sikukuu ile madada wawili hawakusemezana. Miezi tisa ilipita.

Ndipo ikashuka habari: Ani Samten, mwenye miaka sabini na mitano na pafu moja linalofanya kazi, anaingia faraghani. Miaka mitatu, miezi mitatu na siku tatu atakaa peke yake, haoni mtu, hasemi neno. Siku ya kumi ya mwezi, saa sita mchana, mlango wake utazibwa kwa udongo.

Habari ikamfikia Norzom. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala vizuri, na kabla jogoo wa jirani hajajikuna alikuwa ameshasukasuka chai ndani ya pipa lake jembamba, siagi ya mwezi uleule, chumvi ya kipimo cha mama yao. Akaimimina katika chupa ya chai yenye maua mekundu ubavuni, chupa ya siku nyingi, iliyohifadhi joto kwa nusu siku ikiwa na imani. Akaivisha soksi mbili za sufu za marehemu mumewe, moja kutoka juu na moja kutoka chini, zikakutana kiunoni kama wapatanishi. Kisha akaifunga mgongoni kama mtoto.

Jirani yake Chimi alikuwa uani akikamua.

"Unampelekea chai? Mwenzangu, ni mwendo wa saa tano kwenda juu! Utafika na barafu ya siagi. Wataikata kwa kisu wagawane."

Norzom akasimama, akainua kidevu, upepo ukapeperusha aproni yake ya mistari kama bendera ya taifa lisilo na jeshi.

"Chimi binti wa watu," akatamka, "wasikie ng'ombe wako na wawe mashahidi. Chai hii itafika moto. Ikipoa, nami nipoe nayo. Nisirudi Gyalung, nibaki njiani niwe jiwe, na wapita njia waniwekee vijiwe vidogo kichwani."

"Haya. Chukua na mkate basi, jiwe huona njaa."

Akachukua mkate.

Hivyo akaingia vitani. Mto ulinguruma chini yake kama umati usiokubaliana, na daraja la kamba za chuma lilimyumbisha kushoto na kulia, akalivuka kwa kulisema, "Tulia! Tulia wewe!" mpaka likatulia, au akafika ng'ambo, mojawapo. Magoti yake yalilia krap, krap, goti la kulia likianza na la kushoto likiitikia. Kila nusu saa alipeleka mkono nyuma na kugusa chupa, kama mama apimaye homa, akifurahi kwamba homa haijashuka.

Jua lilipofika chini bondeni, akakutana na adui wa kwanza, aliye hatari kuliko chui wa theluji: mtu mwenye kiu. Alikuwa hujaji, mzee mwenye aproni ya ngozi na vibao vya mti mikononi, aendaye kwenye pango moja takatifu kwa kujipima mwili. Alijinyoosha kifudifudi, akasimama pale mikono ilipofika, akajinyoosha tena. Alianza safari wakati shayiri inapandwa, na sasa ilikuwa imeshavunwa. Alijinyoosha mara ya mwisho, na uso wake ukaishia miguuni pa Norzom.

"Dada," akasema kutoka vumbini, "hiyo mgongoni ni chai?"

"Ni vita, mzee."

"Vita vyenyewe vina chumvi?"

"Vina chumvi, na siagi ya mwezi huu."

"Basi nipe, nami nipigane kidogo."

Oneni mtihani huo! Kumnyima hujaji ni dhambi itakayomfuata mtu mpaka maisha ya saba. Na kufungua kizibo ni kumfungulia mlango mwizi mkuu wa bonde, upepo wa saa tatu. Norzom aliugeuzia upepo mgongo, akachuchumaa, akavuta pumzi. Kizibo kikatoka, chai ikamiminika, kizibo kikarudi, yote kabla pumzi ile haijatoka. Mvuke mdogo ulipaa angani, naye akautazama kama mtu aonaye jamaa yake akiondoka.

Mzee alikunywa taratibu, macho ameyafumba.

"Ongeza."

"Mzee wangu, nikiongeza, ukijinyoosha tena hapo hutainuka, utakuwa umelala. Chai hii inakwenda kwa dada yangu. Wanamziba saa sita, na aliwahi kuniambia vitu vyangu hufika vimepoa."

Hujaji akaifikiria habari hiyo. Kisha akavua kofia yake ya manyoya ya kondoo, kofia iliyobeba vumbi la wilaya nne, akaivalisha chupa.

"Joto hutorokea kichwani," akasema. "Hata kwa binadamu. Nenda, dada, kimbia. Mimi sina haraka, mimi napima."

Akaenda. Saa nne na nusu akafika kwenye ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa maneno ya sala, wenye urefu wa hatua mia mbili, ambao mtu mwenye akili huupita akiuacha mkono wake wa kulia. Na hapo, kwenye njia ya upande huo halali, kati ya ukuta na genge linaloangukia mtoni, ulisimama msafara wa baghala tisa, wana wa punda kwa farasi, wenye mizigo, wamebanana kama kizibo na chupa. Wa mbele, jike mwenye shada jekundu kichwani na kengele shingoni, aliitwa Bibi Harusi. Bibi Harusi alikuwa amegoma.

Mwenye baghala, kijana mwenye masharubu aliyeitwa Urgen, alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula tambi kavu kutoka kwenye pakiti.

"Mwanangu, wasogeze."

"Mama, ningekuwa na uwezo huo ningekuwa waziri. Akikataa, amekataa. Jana alikataa saa mbili nzima. Si upite tu upande wa pili? Uko wazi, hakuna hata mbuzi."

Norzom akatazama upande wa pili wa ukuta. Ulikuwa mweupe, mpana, tambarare, umetulia kama kishawishi.

"Urgen," akasema, na sauti yake ikapanda kama ya mtu anayehutubia askari elfu, "magoti haya yana miaka sitini na sita, na hayajawahi kuupita ukuta huu kinyume, hata nilipokuwa na uchungu wa uzazi, hata nilipofukuzwa na dume la yaki, manyoya na pembe zake zote. Leo naenda kumwangalia dada yangu machoni. Nifike nikiwa nimelipindua neno la sala kwa ajili ya baghala aliyenuna?"

"Basi utafanya nini? Utaruka?"

Hakuruka. Aliifungua chupa kutoka mgongoni, akaifunga kifuani, akapiga magoti, krap, krap, akaingia chini ya tumbo la baghala wa mwisho.

"Mama! Mama, toka! Atakupiga teke uvuke mpaka bila pasi!"

Lakini alikuwa ameshapotea katika msitu ule wa miguu thelathini na sita. Alipita chini ya baghala wa mchele, chini ya baghala wa mafuta ya taa, chini ya yule wa mabati, ambaye alijisaidia bila onyo, na Norzom akajisogeza kushoto kwa wepesi ambao wanawali wa Gyalung hawana. Alitambaa kwa viwiko, chupa imekumbatiwa, huku akitaja jina takatifu kwa pumzi moja na kumtukana Bibi Harusi kwa nyingine. Alipochomoza mbele, akawa uso kwa uso na kiongozi wa maasi. Bibi Harusi akainusa ile kofia ya manyoya. Akapiga chafya. Kisha, kwa sababu zake mwenyewe, akaanza kutembea.

"Loo!" akapiga kelele Urgen, tambi mdomoni. "Umemfanya nini?"

 Norzom alikuwa ameshaanza kukimbia, kama ule mwendo unaweza kuitwa kukimbia.

Alipofika juu, kifua kinamwaka, aliwakuta watawa wawili wamerowa udongo mpaka viwikoni. Mlango ulikuwa umezibwa wote, ila tundu moja la ukubwa wa bakuli, la kupitishia chakula. Mbele yake alisimama Mama Mkuu Yangkyi, mwanamke mfupi mwenye saa kubwa ya mkononi.

"Saa sita na dakika mbili," akasema Mama Mkuu. "Ameshaanza kunyamaza. Pole, Norzom."

 Siku nne kwa mama, dakika mbili kwa dada. Hotuba ambayo Norzom aliipanga tangu darajani, yenye utangulizi na mifano mitatu, ikamtoka yote kichwani. Akapiga magoti mbele ya tundu. Ndani palikuwa na giza, na ndani ya giza palikuwa na mtu anapumua kwa shida.

"Dada," akasema. "Ni mimi. Najua husemi, usiseme. Theluji ilinifika kifuani siku ile. Nilichimba kwa sufuria. Sikuwahi kukwambia kwamba nilichimba kwa sufuria." Akajifuta pua kwa mkono. "Nimeleta chai. Lete bakuli."

 Kisha mkono ukatoka tunduni, mkavu, wenye madoa ya uzee, umeshika bakuli la mti. Norzom akaivua chupa kofia, akaivua soksi, akachomoa kizibo, akamimina. Mkono ukaingia gizani.

Sasa sikilizeni, maana historia hugeuka kwa jambo dogo. Ani Samten alijua chai ya mdogo wake. Alikuwa na hakika nayo. Kwa hiyo hakupuliza, hakuonja kwa ncha ya ulimi; alipiga funda kubwa, kama mtu anywaye maji ya mtoni.

"Uwiii!" ukatoka ukelele ndani ya ukuta. "Moto! Umeniunguza ulimi, mpumbavu wewe!"

Milima ikaurudisha mara tatu. Kunguru wakaruka kutoka paani. Watawa wawili wakabaki na udongo mikononi.

"Hayo ni maneno mangapi?" akauliza Mama Mkuu.

"Sita, Mama Mkuu."

"Matano," akasema mwenzake. "'Uwiii' si neno, ni ajali."

"Matano yanatosha," akasema Mama Mkuu, akaitazama saa yake. "Miaka mitatu imedumu dakika tano. Bomoeni."

Akafungua kalenda ya nyota, akalamba kidole, akapekua. Siku njema nyingine ya kuingia faraghani ilikuwa baada ya siku nne.

Udongo ulikuwa ungali mbichi, ukatoka kwa urahisi. Ani Samten akatokeza juani, mdogo kuliko Norzom alivyomkumbuka, ulimi nje anaupepea kwa kiganja. Wakakaa kizingitini, bega kwa bega, wakamaliza chupa yote, safari hii wakipuliza.

"Mama hakukuulizia," akasema Samten mwishowe, kwa kithembe cha ulimi uliobabuka. "Alikuwa amelala tu siku zote zile. Mimi ndiye niliyekuwa nakuulizia. Kila saa nilitoka nje kutazama njia."

"Ungeniambia."

"Nakwambia sasa. Kwa sufuria gani, ile yenye mkono uliovunjika?"

"Hiyohiyo."

"Mjinga wewe," akasema Samten, akamwegemea.

Basi na ijulikane kuanzia barafu mpaka tambarare, na wanaovuka madaraja wawaambie wanaosubiri ng'ambo: katika mwaka wa Nyoka, Norzom binti Tsewang, kwa magoti mawili na kizibo kimoja, aliuteka ukuta, akauvunja ukimya mtakatifu, akaziteka siku nne ambazo hazikuwamo katika kalenda yoyote. Wala msidhani nazidisha chumvi. Nendeni huko juu mkaombe kitabu cha nyumba ya watawa, mwandiko ni wa Mama Mkuu mwenyewe, naye hana tabia ya mapambo: "Siku ya kumi, Ani Samten ameingia. Siku ya kumi, Ani Samten ametoka. Sababu: chai."