Ganga Nilioga Kabla ya Léontine

Jumapili, 7 Machi 2010

Siku mbaya. Mama Léontine amerudi! Mjane, mhudumu wa wazee, mtu ambaye hata akienda Hjulsta, kituo cha mwisho cha treni hapa hapa Stockholm, huuliza njia mara mbili. (Mimi siulizi. Mimi nikipotea nimekusudia.) Ati alikuwa India wiki tatu. Peke yake! Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu, kando ya mto Ganga. Baada ya ibada watu walimzunguka kama sisimizi kwenye sukari. Nilikuwa katikati ya habari ya simba niliyempiga teke kule Brazil. Wakaniacha nimeinua mguu.

Kibaya zaidi: Jean-Bosco, mwenyekiti wa chama chetu hapa Rågsved, akatangaza kwamba Jumamosi kwenye Jioni ya Safari atasimulia Léontine. Jioni ya Safari ni yangu! Miaka minne mfululizo nimekalia kile kiti chenye mikono na kukatiwa kipande cha kwanza cha smörgåstårta, ile keki ya mkate yenye kamba wa baharini juu. Nikasikia mdomo wangu unasema: mbona hata mimi nilikwenda Varanasi, 1987, tena kwa miguu kutoka Bombay.

 Jean-Bosco akasema basi vizuri, mtasimulia wawili. Kila mmoja alete picha.

Picha!

Jumanne, 9 Machi

Nimeazima kitabu maktaba. Cha Kiswidi. Kiswidi changu ni cha ghalani, si cha vitabu, kwa hiyo nimesoma picha. Watu wanashuka ngazi alfajiri, wanaoga mtoni. Nguo rangi ya chungwa. Maua shingoni. Rahisi!

Nikampigia Léontine kwa ujanja, kumuuliza kilichomgusa zaidi. Akasema utulivu wa alfajiri. Utulivu? Nani analipa ndege akasikilize utulivu? Utulivu si upo Fisksätra, pembeni mwa mji wetu, bure! Halafu akanieleza sababu ya safari. Kuna bibi mmoja wa Kihindi ambaye Léontine alimwogesha miaka sita hapa hapa Stockholm. Kila siku bibi alikuwa akimsimulia mto wa kwao. Kabla ya kufa akamwomba aende amwashie taa moja, aiweke majini.

Samwiri Mganda, wa chama chetu, aliposikia hayo Jumapili alilia. Samwiri! Mimi nilipomsimulia nahodha wangu alivyomezwa na nyangumi, aliniomba chumvi.

Alhamisi, 11 Machi

Kazi imekwisha. Shafik, tunayepakia naye mizigo ghalani, ana kamera. Tukaenda ziwani, pale Waswidi wanapotoboa barafu ili wajitumbukize wakitoka kwenye chumba cha mvuke. Nimejifunga shuka la rangi ya chungwa la mke wangu Concessa. Maua ya plastiki shingoni. Shafik akasema mzee, utakufa. Nikamjibu kwamba mtoto wa Uvira hafi maji, Ziwa Tanganyika ndilo lililonilea.

Nikaingia.

Yesu!

Tanganyika haikunifundisha hili. Shafik amepata picha moja tu, maana kicheko kilimzidi. Lakini picha ni safi. Uso wangu una utakatifu mwingi.

Jumamosi, 13 Machi

Alianza Léontine. Akaonyesha ngazi, ukungu, ile taa yake ndogo kwenye jani inaelea. Akamtaja yule bibi. Hata watoto walinyamaza. Sijawahi kunyamaziwa hivyo.

Kisha mimi: picha yangu ikajaa ukuta mzima. Concessa akapiga kelele: shuka langu! Samwiri akauliza kwa nini Ganga ina ngazi ya chuma, na yule mzungu nyuma yangu, bila nguo, na kofia ya sufu, ni nani. Nikasema hujaji. Akauliza kwa nini upara wangu wa 1987 ni huu huu wa leo. Nikasema niliuanza mapema. Akauliza kile cheupe kinachoelea ni nini.

Nikajipangusa upara. Léontine akasimama. Akasema asubuhi za Februari kule ni baridi kweli, yeye mwenyewe alitetemeka. Watu wakampigia makofi. Makofi, kwa kuniokoa mimi!

Ningekaa. Lakini makofi yale yalinichoma. Nikaongeza kwamba hoteli yangu ilikuwa ng'ambo ya mto, ghorofa ya tisa. Léontine akasema polepole: tonton Clovis (mimi huyo, mjomba), ng'ambo ile ni mchanga mtupu, hakuna nyumba hata moja.

Nikamwambia waliibomoa nilipoondoka. Kwa huzuni.

Samwiri alianguka na kiti chake kwa kicheko. Kipande cha kwanza alikatiwa Léontine. Akakigawa katikati, nusu akaiweka kwenye sahani yangu. Nimekula kwa hasira. Kamba walikuwa watamu.

Jumatatu, 15 Machi

Homa. Léontine amekuja na supu ya kuku. Akasema hana kinyongo, ila habari ya yule bibi haikuwa mashindano. Akaniuliza: wewe ulikimbia vita Uvira kwa miguu na watoto wawili, mmoja mgongoni, mmoja begani. Mbona hiyo husimulii?

Nikamwambia hiyo haina simba.

Akanijazia tena bakuli. Nikalia kidogo (homa). Nikaapa mbele yake na mbele ya Concessa: uongo basi. Kuanzia leo ni kweli tupu.

Saa kumi jioni Jean-Bosco akapiga simu kuniuliza hali. Akadokeza kwamba Samwiri anakwenda kaskazini wiki ijayo, kulala kwenye hoteli iliyojengwa kwa barafu. Mwakani kiti ni chake.

Samwiri! Kwenye kiti changu!

Nikamwambia namwonea huruma Samwiri. Hoteli ile matofali yake nilikata mimi.

Nimeshampigia Shafik. Kesho kutwa, chumba cha kugandishia samaki, aje na kamera. Shuka limekauka.