Atazamwe Kiwavi

Jumatatu, 2 Juni 1997
Njombe. Baridi kali, akili kali zaidi. Mama Germana, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima, anatafuta alama ya rejea kwa ajili ya mwongozo wa viazi. Kitabu kinaandikwa Makambako kwenye kompyuta ya Nasma, binti mwenye duka la uchapaji. Panapotakiwa msomaji aende ukurasa mwingine, tunaandika alama. Mashine ikiikuta, inaiondoa na kuweka namba ya ukurasa. Mwenye alama bora, jina lake litachapwa ukurasa wa kwanza. Jina langu halijawahi kuchapwa popote, isipokuwa kwenye tangazo la wastaafu. Nako walikosea herufi.

Mshindani ni mmoja: Basil, mwalimu mstaafu wa hesabu; mimi nilifundisha Kiswahili. Anataka nyota na namba ya sura. *4. Basi! Hiyo ni lugha?

Jumanne, 3 Juni
Nimemaliza! Alama yangu ni sentensi kamili ndani ya mabano, yenye upatanisho wa ngeli. [kitazamwe kifungu cha mbolea]. [yatazamwe magonjwa ya majani]. [utazamwe ukungu]. Safi kabisa.

Nilimkuta Basil dukani. Nikamweleza kwamba sura ikiongezwa katikati, nne yake itakuwa tano, na nyota zake zote zitapotea njia. Alikuna kidevu. Kisha akauliza kama kompyuta nayo ilisoma ngeli kwangu. Nikamjibu kwamba itasoma.

Jumatano, 4 Juni
Makambako. Nasma alinipa shikamoo na chai, kisha akasema programu yake inajua neno moja tu, "tazama". Nikamfundisha ngeli. Akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, nikaendelea. Hatimaye akakubali: mashine italinganisha mwanzo wa alama na mwanzo wa jina. Ki kwa ki, u kwa u, ya kwa ma.

Tukafika kwa kiwavi. Nasma akaandika "kitazamwe". Nilishtuka! Kiwavi ni kiumbe hai: atazamwe! Akanisihi, eti Babu, mashine inaona ki tu, haioni uhai. Na huyo si ndiye tunayempulizia dawa afe? Mbona unamdaia heshima? Nikasema afe, lakini afe kwa sarufi sahihi.

Alipotoka kumhudumia mteja, nilifuta ki, nikabonyeza mwenyewe: atazamwe. Vidole viwili. Fahari tupu.

Ijumaa, 6 Juni
Kikao. Nilivaa tai. Kurasa za mfano zilipitishwa mkono kwa mkono. Mbolea, namba ipo. Ukungu, namba ipo. Basil akakuna kidevu! Nikaanza kuandaa maneno ya kupokea heshima.

Mama Germana akafungua sura ya wadudu, akasoma kwa sauti: "Ukiona shina limekatwa, [atazamwe kiwavi]." Namba hakuna. Mabano yamebaki yalivyo. Wajumbe wote wakanitazama mimi. Basil akanisalimia kwa Kibena: kamwene, Kiwavi! Hata mchungaji alicheka.

Nyota imepita. Tena Basil ameondoa namba na kuweka jina fupi la sura, *kiwavi, ili isipotee sura zikiongezwa. Hoja yangu ya dukani! Jina lake litakaa ukurasa wa kwanza. Mama Germana alinifuata mlangoni, akasema Mwalimu usinune, chini ya jina la Basil utawekwa mstari wa shukrani wenye jina lako. Sikununa. Nilikuwa natafakari.

Jumatano, 11 Juni
Makambako tena, siku ya kurudufu. Nilitaka kuona jina langu likitoka. Likatoka! Herufi zote sawa. Lakini mstari unasema: "Shukrani ziwaendee Mwalimu Nahumu." Ziwaendee! Mimi ni mmoja. Zimwendee!

Nasma akasema wameandika hivyo kwa heshima. Nikamwambia heshima haibadilishi umoja kuwa wingi. Akasema stensili, ile karatasi ya kurudufia, imeshafungwa kwenye mashine; mstari anaweza kuuziba, hawezi kuuandika upya. Ama jina na kosa lake, ama pasiwe na jina. Akaniomba, Babu, uache tu, nani ataona?

Mimi nitaona. Nikamwambia azibe.

Nakala yangu ninayo hapa mezani. Chini ya jina la Basil pana nafasi nyeupe. Nimeikagua kwa miwani, kushoto hadi kulia. Haina kosa hata moja.