Kuhusu Daraja Lililonichukulia Mdogo Wangu

Kerubo Omwenga,
Castle Vale, Birmingham.

Kwa Mhariri wa jarida la ushirika wetu wa Waswahili.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na utulivu kuliko mimi niliyeiandika. Mimi ni muuguzi, sina mazoea ya kulalamika. Lakini safari ya kanisa ya mwezi jana, ya kwenda kuona lile daraja maarufu la kuning'inia kule Bristol, imenitendea jambo ambalo ushirika hauna budi kulijibu.

1. Daraja lenyewe halina miguu mtoni. Limetundikwa kwa minyororo kama kapu la nguo, na chini yake kuna bonde ambalo sikulitazama mara ya pili. Gari likipita, unalisikia magotini. Nilimuuliza mzee mmoja wa pale kama hiyo ni hitilafu, akanijibu kwa fahari kwamba ndivyo linavyotakiwa kuwa. Katika wodi yangu, kitu kinachotetemeka hakisifiwi.

2. Tulipofika katikati, mdogo wangu Bethuel, ninayeishi naye, na ambaye alichukua miaka miwili kuchagua pazia la sebuleni, alishuka ghafla kwa goti moja mbele ya Sylvie, yule dada Mkongomani wa kwaya. Nikajua ni kizunguzungu. Nilimrukia, nikamshika kifundo cha mkono, nikaanza kuhesabu mapigo. Yalikuwa mengi mno.

"Dada Kerubo," akaniambia kwa upole, "niachie huo mkono. Ndio wenye pete."

3. Sylvie hakungoja nimalize kuhesabu. Alisema, "Ndiyo, Bethuel. Ulikawia sana," na kwaya nzima ikapiga vigelegele hadi waendesha baiskeli wakasimama kutupigia makofi. Picha zote za uchumba zinanionyesha mimi katikati, nimemng'ang'ania bwana harusi kama askari aliyekamata mwizi. Mama yetu aliziona kule Nyamira, akapiga simu: "Kerubo, mbona unamzuia mtoto?" Nilimweleza kitaalamu. Akakata.

4. Sasa wanatafuta nyumba Washwood Heath. Bethuel ndiye anayenipeleka kazini alfajiri, na ndiye anayezijua hasira zangu za baada ya zamu, na kuniwekea chai bila kuniuliza neno. Juzi alikuwa kwa akina Sylvie, nami kwa mazoea nikasonga ugali wa watu wawili. Nilikaa nao mezani mpaka ukapoa. Hili sikumwambia, na wewe naomba usilichapishe.

5. Hatari haiishii nyumbani kwangu. Ukimtoa Bethuel, waimbaji wa besi waliobaki kwenye kwaya wote ni makapera. Tukiwapeleka tena darajani watachumbia, watahama, na Krismasi tutaimba bila sauti ya mwanamume hata mmoja. Waumini watakimbilia makanisa yenye besi, michango itakauka, na jengo letu litageuzwa ukumbi wa kunyanyulia vyuma. Yote hayo kwa sababu ya minyororo ile.

Kwa hiyo naomba uchumba huu uhesabiwe kuwa si halali, kwa kuwa mposaji alikuwa na mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida na muuguzi alikuwepo kushuhudia. Pia naomba safari zote zijazo ziishie mto Cole, hapa hapa Birmingham. Ule ni mto wa adabu, mahali pengine mtu anauvuka bila kuvua soksi. Sijasikia mtu aliyewahi kuchumbiwa pale.

Nisalimie mchungaji, akina mama wa jikoni, kwaya yote pamoja na Sylvie, ambaye sauti yake siwezi kuikosoa, na dereva wa basi, ambaye hana hatia.

Wako katika imani na katika masikitiko,

Kerubo Omwenga

N.B. Nimesikia mwezi wa tisa mnakwenda kuona daraja la Humber, ambalo wanasema ni refu kuliko lile. Tafadhali niandikie viti viwili vilivyo pamoja, upande wa dirishani. Cha pili ni cha ndugu Cyriaque, yule fundi wa baiskeli wa Acocks Green. Anasema hawezi kuvuka urefu wote ule peke yake, na mimi sikuona sababu ya kumbishia.